Kisanduku Nilichokitengeneza Mara Mbili

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa vidole kumi nikiwa mtoto, na akaniacha nistaafu nikiwa na tisa na nusu. Kwa seremala hayo ni maisha mema. Hiyo nusu iliyokosekana niliipoteza kwa uzembe wangu mwenyewe, kwenye msumeno wa mezani, nilipogeuka kuitikia salamu. Kwa hiyo ninyi mnaobaki karakanani, mtu akiwasalimu mkiwa mnapasua mbao, zimeni mashine kwanza ndipo muitikie. Mwenye adabu atangoja, na asiye na adabu hamna haja ya kumkimbilia.

Zuhura, ambaye sasa ameshika meza yangu ya kazi, ndiye aliyenitaka niandike.

"Mzee Rajabu, andika," aliniambia, "maana ukisimulia kwa mdomo unaanzia Ujiji unaishia Makka, na mbao bado hazijapigwa randa."

Nimemsikia. Sitaandika nani alikuwa mkuu wa karakana wakati gani, wala nani alipewa nini. Nitaandika habari ya kile kisanduku cheusi tunachowekea penseli, ambacho kila mgeni wa karakana hukinusa na kukunja uso. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini hakitupwi. Leo nawajibu.

Nilianza kazi nikitoka chuoni. Nilikuwa nimehitimu msahafu na baba alitamani niwe mwalimu wa watoto, lakini Mungu alininyima sauti. Nikisoma, watoto walicheka na mbuzi wa jirani waliitikia. Baba akanishika mkono, akanipeleka kwa Mzee Simeoni, seremala Muha aliyeshuka kutoka Kasulu na kufungua karakana hapa Ujiji, upande wa Buzebazeba. Alikuwa mtu wa kanisa, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mwakeye, Mzee Simeoni," baba alimsalimu kwa Kiha, kwa heshima.

"Mwakeye. Huyu ndiye?"

"Ndiye. Anajua kusoma."

"Vizuri. Kunyamaza anajua?"

Baba alinitazama. "Kidogo."

"Basi tutaanzia hapo."

Siku ile sikushika mbao. Alinipa patasi tatu na jiwe la kunolea alilolitoa mwenyewe ufukweni, akaniambia ninoe mpaka patasi inyoe nywele za mkono wangu bila kuvuta. Nilinoa wiki tatu. Wiki ya pili mama aliniuliza kwa siri kama nina ugonjwa wa ngozi, maana mkono wa kushoto ulikuwa mtupu kama wa mtoto mchanga. Wiki ya tatu nywele za mkono wa kulia zilikwisha pia, na Mzee Simeoni akasema sasa naweza kufagia.

Nilijifunza mengi kwa kufagia. Nilijua maranda ya mninga kwa rangi, ya mvule kwa harufu, na ya mkurungu kwa jinsi yalivyoacha wekundu kwenye nyayo zangu. Mkurungu ni mti wa kwetu na ni mzuri kuliko yote, lakini unga wake ni rangi kamili. Ukiwa na jasho, unaonekana kama umechinja.

Mzee Simeoni alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Adhana ikisikika aliweka nyundo chini kabla yangu, akakaa kwenye gogo akingoja mpaka nirudi kutoka msikitini. Nilimwambia anaweza kuendelea, hakuna anayekatazwa. Akanijibu, "Wewe unaongea na Mungu, mimi nigonge misumari?" Naye kila asubuhi, kabla ya kuushika msumeno, alijifanyia ishara ya msalaba; nami nilisema bismillahi kwa wakati uleule. Tulifanya hivyo miaka mingi bila mtu kumuuliza mwenziwe chochote.

Mwaka wangu wa tatu alikuja mama mmoja kutoka Katubuka. Tulimwita Mama Adela. Alikuwa amevuka ziwa akitoka Burundi wakati wa machafuko, na binti yake wa pekee mgongoni. Sasa Adela alikuwa anapokea Kipaimara, na mama yake alitaka kumpa zawadi: kisanduku cha mbao cha kutunzia kitu kimoja. Akakifungua kitu chenyewe mbele yetu. Kilikuwa kitambaa cheupe chenye upindo wa buluu, kilichoshonwa na bibi yake Adela. Ndicho mama huyu alichombebea mtoto siku ya kuvuka. Kwao wanakiita *ingobyi*. Bibi mwenyewe hakuvuka.

"Ni hiki tu alichonacho cha kwao," alisema Mama Adela. "Nataka akiwa mzee akikute kama kilivyo."

Mzee Simeoni alichagua ubao wa mkurungu uliokauka miaka minne. Alipima, akakata, akaunganisha kona kwa meno yanayopishana, bila msumari hata mmoja, kwa sababu unyevu wa ziwa hula msumari, na kutu huhamia kwenye kitu kilichomo ndani. Kifuniko alikifanya cha kuteleza kwenye mfereji. Ikabaki kazi ya kumalizia tu, ndipo ikaja habari kutoka Kasulu kwamba dada yake ni mgonjwa. Akaniachia.

"Kwangua kwa kioo kilichovunjika, usitumie msasa," aliniagiza. "Halafu chukua maranda yake yenyewe, sugua mpaka mkono uchoke. Usipake kitu."

Nilikwangua, nikasugua. Mkono ukachoka, lakini mimi macho yangu hayakuridhika. Kisanduku kilikuwa laini kama shavu, ila kwangu kilionekana kimepauka kama ubao wa kuanikia dagaa. Kesho yake Mama Adela angekuja, na mwalimu wangu hayupo. Nilitaka mama yule aseme kwamba kijana naye ni fundi.

Hapa Kigoma hakuna nyumba isiyo na mawese. Wauza vitanda sokoni nao walikuwa na ujanja wao: asubuhi wanapitisha kitambaa chenye mawese juu ya mbao, na mbao inang'aa kama jua linapozama ziwani. Mnunuzi akifika nyumbani ni shauri lake. Nikachukua kibakuli cha mawese cha mama yangu, nikapaka nje na ndani. Nasema tena: na ndani. Kisha nikafuta vizuri, nikaweka juani, nikaridhika.

Mama Adela alipokiona alipiga vigelegele. Nami nikakubali sifa, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Mawese hayakauki. Hilo kila mama wa Kigoma analijua, kwa sababu anayafua kwenye nguo za watoto kila siku. Mimi peke yangu ndiye niliyesahau, kwa kuwa nilitaka kusahau. Yanaingia kwenye mbao, yanalala, joto likija yanatoka. Wiki tatu baadaye mama yule alirudi. Mzee Simeoni alikuwa amesharudi pia. Mama Adela aliweka kisanduku juu ya meza, akavuta kifuniko. Harufu ilitangulia. Kile kitambaa kilikuwa na doa la rangi ya machungwa, kubwa kama kiganja.

"Nilivuka nacho," alisema, bila kupandisha sauti. "Mvua inanyesha, mtoto anatapika, watu wanalia chomboni. Hakikushika doa."

"Nitakifua, mama," nilisema.

"Nimeshakifua mara sita, mwanangu."

Nililia. Sina sababu ya kuwaficha, nilikuwa na ndevu tayari na nililia. Mzee Simeoni hakunitetea wala hakunikaripia mbele yake. Alimwambia tu kwamba karakana itamtengenezea kingine, kwa mikono ya huyuhuyu aliyeharibu. Mama Adela alikunja kitambaa chake, akasema, "Hicho bakini nacho," akaenda.

Ubao uleule wa mkurungu ulikuwa umebaki kipande, kinachotosha kisanduku kimoja na ziada kidogo. Mzee Simeoni aliandika nyuma yake kwa penseli: *Mama Adela*. Akakipandisha juu ya boriti. Kile kisanduku kilichoharibika alikiweka mezani kwangu, akamimina penseli zangu zote ndani.

"Kila ukitaka kuchora mstari," alisema, "utanusa."

Tulipokwenda Katubuka kumwambia tunaanza kazi, tulikuta chumba kina mpangaji mwingine. Mama na binti walikuwa wamehamia kwenye makazi ya wakimbizi wenzao, upande wa Mpanda. Nikamuuliza Mzee Simeoni tufanye nini. Akasema, "Tutakausha ubao."

Umekauka zaidi ya miaka arobaini.

Katikati hapo nilifanya kazi nyingi, na baadhi mnazitumia bila kujua. Milango ya msikiti wetu ni yangu. Viti vya mbele vya kanisa walilosali watoto wa Mzee Simeoni tulivifanya pamoja, na padri alilalamika kwamba vimenyooka mno, waumini hawasinzii. Nilitengeneza kitanda cha bwana mmoja aliyesisitiza kipana zaidi ya vipimo vyangu. Kilikataa kuingia mlangoni, akaamua kubomoa mlango badala ya kukubali alikosea. Nilitengeneza majeneza, na hayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa kuwa mteja anangoja nje na huwezi kumwambia arudi Jumatatu. La Mzee Simeoni nalo nililifanya mimi. Sikupaka kitu. Nilisugua kwa maranda yake yenyewe mpaka wanawe waliponiambia inatosha.

Karakana ilihama mara tatu. Kila ilipohama nilibeba vitu viwili kwa mikono yangu: kisanduku cha penseli na ule ubao. Ningeweza kumtafuta Mama Adela. Watu wa Mpanda huja Kigoma kila siku, ningeuliza. Sikuuliza. Kila mwaka niliona kuna kazi ya dharura zaidi, na kazi za dharura hazikosekani kwa mtu anayezitafuta. Mungu anisamehe kwa hilo, maana doa lilikuwa kosa la siku moja, na kunyamaza kulikuwa kosa la miaka.

Mwaka huu nilitangaza kwamba nikishafunga Ramadhani nitaacha. Jicho la kushoto limeota mtoto wa jicho na mkono wa kulia una mtetemo mdogo asubuhi. Kwaresima na Ramadhani vilianza kwa kukaribiana, mji mzima ukawa umefunga. Siku moja nikiwa nakusanya vifaa vyangu, aliingia mwanamke wa makamo, mwenye harufu ya migebuka, samaki wa ziwa letu, na rozari shingoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Wewe ndiye fundi Rajabu? Mimi ni Adela. Nauza samaki Katonga. Mama yangu alikuwa na kisanduku hapa."

Zuhura anasema nilikaa kwenye gogo bila kuangalia kama gogo lipo. Bahati njema lilikuwepo.

Mama yake alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Adela alirudi Kigoma na mumewe, Katubuka kulekule, na sasa binti yao Neema anaolewa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, anakwenda kuishi Sumbawanga. Siku ya sherehe ya kumuaga, Adela alitaka kumpa kile kitambaa. Akakitoa kwenye mfuko wa nailoni. Doa lilikuwepo, limefifia, lakini umbo lake nililitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

"Mafundi ni wengi Kigoma," nilimwambia. "Wenye macho."

"Mama alisema nije kwako."

"Kwangu? Baada ya haya?"

"Alisema mtu mwingine anaweza kulirudia kosa lile. Wewe huwezi."

Nilimwomba Zuhura apande juu ya boriti.

Ubao ulishuka na vumbi la karakana tatu. Tulipogeuza, penseli ya Mzee Simeoni ilikuwa bado inasomeka. Adela aligusa jina la mama yake kwa kidole, akajifanyia ishara ya msalaba, nami nikasema bismillahi. Zikawa zimebaki wiki sita.

Nilifanya kazi asubuhi, baada ya alfajiri mpaka jua linapokuwa kali na koo linapokauka. Ezekia, fundi wa meza ya pili, alitaka kunisaidia kupasua. Zuhura alitaka kukata meno ya kona. Niliwakatalia wote. Niliwaambia kazi hii ina jina langu. Siku ya nne nilikata upande usio wa mstari. Jicho lilinionyesha mstari mahali usipokuwepo, msumeno ukafuata jicho, na kipande cha ubao wa miaka arobaini kikaanguka chini. Ezekia alizima redio.

Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye mkeka. Mke wangu, Bi Salma, aliniuliza tulipofuturu.

"Baba Shabani, ubao umekwisha?"

"Umebaki. Ila kisanduku kitakuwa kifupi kwa vidole viwili. Kitambaa hakitaingia."

"Umejaribu kukikunja vingine?"

Miaka arobaini na tano ya useremala, nilikuwa sijafikiri kwamba kitambaa kinakunjwa.

Kesho yake nilikwenda Katubuka kwa miguu, na swaumu yangu, jua la saa tano. Adela alitandika kanga kitandani tukakunja ile ingobyi mara nne, mara sita, mara nane, nikipima kwa uzi kila mara. Kwa kukunja mara nane iliingia kwenye kipimo kipya, na kisanduku kingekuwa kirefu zaidi kwenda juu. Nikamwonyesha kwamba tukianza kukunja upande huu, doa linajificha ndani kabisa.

"Hapana, Mzee. Doa liwe juu."

"Kwa nini?"

"Neema akifungua aulize. Akiuliza nitamweleza bibi yake alivyovuka, na alivyokuwa. Kikiwa cheupe tupu nitaanzia wapi?"

Nilikunja uzi wangu wa kupimia. "Na mimi nitatajwa?"

"Utatajwa, Mzee. Jina lote."

Niliporudi karakanani nilimwambia Zuhura anichoree mistari, lakini si kwa penseli. Achore kwa ncha ya kisu. Mstari wa penseli unauona tu, na mimi sikuwa na macho ya kuaminika. Mstari wa kisu unaugusa kwa ukucha, na patasi yenyewe inauingia kama gari la moshi kwenye reli yake. Ndivyo alivyofanya Mzee Simeoni alipozeeka, nami nilikuwa nikidhani ni mazoea ya Waha. Zuhura alichora, nikakata meno yote kumi na sita kwa ukucha na kwa dua. Hakuna aliyesaidia kukata. Lakini bila mistari yake nisingekata, na hilo naliandika hapa kwa sababu siku zile sikulisema.

Tulikuwa bado katika mvua. Mbao wakati wa mvua imeshiba, kwa hiyo kifuniko nilikibana kiasi cha kuteleza kwa shida kidogo. Kiangazi kikija kitalegea chenyewe. Mkitengeneza kiangazi, fanyeni kinyume: acheni nafasi ya unene wa ukucha, la sivyo mvua itawafungia sanduku na mteja ataleta nyundo.

Idi ilipita, na Pasaka ikapita. Adela alikuja Jumatatu ya wiki ya harusi kuona. Kisanduku kilikuwa kimekamilika ila kusuguliwa. Alikigeuza huku na huku, akasifu kona, kisha akasita.

"Mzee, ni kizuri sana. Ila… watakionyesha ukumbini, mbele ya wakwe. Kimepauka kidogo. Hatuwezi kupaka hata mawese king'ae?"

Adela mwenyewe alijisikia, akaziba mdomo kwa kiganja. Halafu Zuhura akaanza kucheka, Ezekia akafuata, na Adela akacheka mpaka akashika meza.

"Leteni hicho cha penseli," nilisema. "Mama, nusa."

Alinusa. Akakirudisha haraka.

"Miaka arobaini!" alisema. "Yesu na Maria!"

"Bado kinatafakari."

Nikachukua gunia la maranda ya ubao uleule, nikakaa mbele yake nikasugua. Maranda yanakwaruza mwanzoni, baadaye yanalainika, yakipata joto mbao inaanza kung'aa kutoka ndani, taratibu, bila kupakwa. Inataka mkono ambao hauna mahali pengine pa kwenda. Alikaa nusu saa akitazama upande mmoja ukibadilika, na kabla ya kuondoka hakutaja tena kung'aa.

Jioni ile niliweka ndani kofia yangu nyeupe, ya kila siku, nikafunga kifuniko. Mara ya kwanza nilimpa mtu kitu nisichokijaribu. Sasa nilitaka kiwe na changu ndani kabla ya cha mwenyewe. Jumatano asubuhi nilifungua. Kofia ilikuwa na mstari mwekundu ukingoni, mwembamba kama uzi.

Nilijua mara moja. Sikupaka kitu, lakini kwenye kona za ndani nilikuwa nimepitisha msasa kidogo, kwa uvivu wa kukwangua mahali mkono usipofika. Msasa ulikuwa umesaga unga wa mkurungu ukauingiza kwenye vinyweleo vya mbao, na unyevu wa mvua ukautoa. Kosa langu la ujana lilikuwa kutaka sifa. Hili lilikuwa la uzee, la kutaka kumaliza.

Zilibaki siku mbili Adela aje kukichukua. Nilivunja kioo cha dirisha lililopasuka, nikapata vipande vyembamba vinavyoingia kwenye kona, nikakwangua ndani upya, kila upande, mpaka maranda yaliyotoka yakawa membamba kama ngozi ya kitunguu. Nilipiga vumbi kwa bawa la kuku. Nikasugua kwa maranda yaliyofungwa kwenye kijiti. Kidole cha shahada kilichanika. Nikakifunga na kunawa mara tatu kabla ya kugusa tena, maana damu nayo ni doa. Ezekia aliniambia nipumzike. Nilimwambia nitapumzika Jumamosi, nitakuwa na muda mwingi.

Alhamisi adhuhuri nilikwenda nyumbani kuchukua kofia ya Idi, ile aliyonishonea Bi Salma kwa mkono kwa miezi mitano.

"Unaipeleka wapi?" aliuliza.

"Kwenye kisanduku."

"Ikirudi na wekundu, wewe utavaa ule mstari mpaka Idi nyingine."

"Ikirudi na wekundu, sitatoka nje."

Nilirudi nayo karakanani. Nilipoiweka nilisoma nilichojaliwa kusoma, kwa sauti yangu ileile ambayo mbuzi waliitikia, nikavuta kifuniko.

Ijumaa asubuhi Adela alifika mapema, na ingobyi imefungwa kwenye kanga mpya. Nilikuwa kichwa wazi, jambo ambalo hakuna mtu wa Ujiji ameliona siku ya Ijumaa.

"Shikamoo, Mzee. Kofia iko wapi leo?"

"Marahaba. Iko humo ndani. Fungua wewe, mimi macho yangu siyaamini."

Alivuta kifuniko. Kiliteleza kwa shida kidogo, kama nilivyotaka. Aliitoa kofia, akaiendea mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza ndani na nje, akapitisha kidole kwenye kila tundu la darizi. Zuhura naye akaenda kutazama. Ezekia akaenda. Mimi nilibaki nimeshika meza.

"Nyeupe," alisema Adela.

"Ukingoni?"

"Nyeupe, Mzee. Njoo uone."

Sikwenda. Niliketi. Adela aliifungua kanga yake, akalaza ingobyi ndani ya kisanduku, doa likiwa juu. Iliingia sawasawa. Akafunga, akakipakata kama mtoto, akanishukuru kwa lugha ya mama yake: *urakoze cane*. Nilimwitikia kwa Kiswahili kwamba shukrani ni za Mungu na za Mzee Simeoni, nami nimechelewa tu. Kipande kile nilichokikata vibaya, chenye jina *Mama Adela*, nilimpa pia. Alikiweka kwenye mfuko wa samaki, kisha akakitoa, akakibusu, akakishika mkononi.

Kisanduku cha penseli nawaachia. Msikitupe, wala msikisugue. Zuhura, weka humo penseli zako.

Mchana ule niliivaa kofia nikaenda kuswali Ijumaa, nikasimama safu ya pili kama kawaida. Baada ya salamu, jirani yangu alinisogelea akanusa.

"Mzee Rajabu, mbona unanukia mbao? Si nasikia umestaafu?"

"Nimestaafu," nilimwambia. "Leo asubuhi."